Barua Mbili za Alhamisi

Nimezipiga chapa mimi, zote mbili,
kwenye kompyuta ile ile yenye K inayokwama,
ghorofa ya pili, Shimanzi, dirisha likitazama
malori ya majani yakirudi kinyumenyume,
na vumbi la chai likiingia hata kwenye chumvi yangu.

Ya kwanza ilikuwa yake. Mstari mmoja:
Naacha kazi mwisho wa mwezi.
Bwana Nuwan hakutaka niongeze "kwa heshima na taadhima".
Alisema heshima ipo, taadhima wameimaliza wao
siku walipomtaka auandike mzigo ulioingia unyevu
kuwa daraja la kwanza.
Aliuonja mara tatu,
akaivuta chai kijikoni kwa ule mlio wake wa kupasua kitambaa,
akatema, akafuta masharubu, akasema:
gunia lililolala maji.
Na neno hakulibadilisha.

Ya pili ilikuwa ya kampuni, kwenda Uhamiaji.
Saa nane na dakika kumi,
saini yake kwenye ile ya kwanza haijakauka.
"Tunawaarifu kwamba mtajwa hapo juu
si mfanyakazi wetu tena."
Miaka tisa, leo ni mtajwa hapo juu.

Mimi ndiye niliyemweleza, maana mafaili ninayo mimi.
Nikamwambia: kibali hiki, tazama, jina lako hili,
lakini chini yake pana jina la kampuni,
na hilo la chini ndilo lililolibeba la juu.
Ukitoka, hutoki nacho.
Huhamii nacho kwa jirani,
hata kama jirani kakuita tangu mwaka juzi;
jirani na aombe upya, alipe upya,
nawe usubiri.
Usubiri wapi? Ndiyo hapo.
Uombe pasi ya muda, uhesabu siku,
na katika siku hizo usiguse kikombe cha mtu.

Akauliza: na Sanduni?

Sanduni ana miaka minane, kazaliwa Tudor,
akikasirika husema "nshakwambia" kutushinda sisi wenyewe.
Pasi yake imeshonwa kwenye ya babake
kama kifungo kwenye shati.
Sikumaliza. Ulimi wake, uliojua
jani lililochumwa kabla ya mvua na lililochumwa baada,
ulikaa tu kinywani.

Jirani aliomba. Jibu lilichelewa kuliko siku zilivyobaki.
Wakauza kitanda, wakauza friji,
paka wakampa mwenye nyumba.
Mimi akaniachia kijiko.

Sasa ni Jumatatu, na mezani pana fomu mpya,
ya bwana mwingine, wa kule kule au karibu na kule.
Na mna swali nililolijibu miaka yote:
Je, mlitafuta raia awezaye kazi hii?
Nami huandika: Tulitafuta. Hakupatikana.
Maneno mawili. Vidole huyaandika vyenyewe,
mwenyewe nikiwaza karo
na mifereji iliyokauka Majengo.

Lakini kijiko kimo kwenye droo.
Jioni, wakubwa wakishashuka ngazi,
alikuwa akinipangia vikombe saba
kisha anageukia ukuta: haya, Bi Mwanakheri, sema.
Mara ya kwanza nilikosa vyote, nikacheka kwa haya.
Mwaka jana nilipata sita,
cha saba tukabishana mpaka mlinzi akaja na funguo.
Kesho yake akaingia, hata mkoba hajautua,
akasema: kile cha saba, ulikuwa sawa wewe.

Asubuhi hii nimechungulia chumba cha kuonjea.
Hakuna mtu. Ule mzigo bado upo, sampuli namba kumi na nne,
umeandikwa upya kwa mkono nisioujua.
Nikachemsha maji. Nikavuta kwa mlio.
Gunia, kweli.

Nimerudi mezani. Nimeandika: Tulitafuta.
Nimeandika: Ha
na K imekwama, kama desturi yake.
Chini lori linarudi kinyumenyume, mtu anapiga kelele: njoo, njoo, njoo.
Sijaibonyeza tena.